Nilivyomfungia Bibi Yangu Mlango wa Treni

Siku niliyomfungia bibi yangu mlango wa treni usoni, watu mia mbili wakitazama, nilikuwa na ufagio mkononi na akili zangu timamu.

Sikuteleza. Sikusukumwa na mtu.

Nilimwona anakuja. Nilimwona amenyanyua mkongojo juu. Nilimsikia akiniita, "Bundi! Bundi wangu, shikilia!"

Nikafunga.

Kabla hujanilaani, nisome mpaka chini. Walionilaani mapema wote walirudi kuniomba radhi, na mmoja wao alinishonea gauni.

Mimi ni mfagiaji wa stesheni. Shule niliishia ya msingi, lakini macho nilipewa mawili kama watu wengine, na ukifagia sehemu moja miaka mitatu unasoma mengi ambayo hayakuandikwa popote.

Mimi huwajua watu kwa taka zao.

Fundi cherehani huangusha vipande vya uzi. Mkuu wa stesheni hutafuna njiti za kiberiti akiwa na mawazo. Bibi yangu yeye ni maganda ya karanga. Kwa wingi wa maganda nakuambia amekaa pale muda gani: kiganja kimoja ni robo saa, na maganda hayajawahi kunidanganya.

Bibi ndiye aliyenilea, ndiye aliyenipa hilo jina la Bundi. Anasema tangu mdogo nilikuwa natazama tu bila kupepesa, mpaka wageni wanaaga mapema.

Sasa turudi kwenye treni.

Treni yetu ya zamani tuliiita Bwana Harusi. Kila mtu anamngoja, anakuja amechelewa, na akifika ni vurugu tupu.

Alikuja mara mbili asubuhi na mara mbili jioni, siku ambazo hajaharibika. Ukimkosa, unakaa saa mbili ukihesabu kokoto. Kazini umeshafukuzwa, wewe bado unahesabu.

Kwa hiyo watu wa kwetu walijitungia sheria yao. Hakuna mtu kuachwa.

Anayefika kwanza anaweka mguu mlangoni. Au kikapu. Au mtoto wa jirani. Mlango unashikwa mpaka wa mwisho aingie. Gadi naye akichungulia nje, akaona bado kuna mtu anakimbia kule kwenye mteremko, anarudisha filimbi mfukoni.

Kwetu, ukitaka kumtukana mtu tusi zito, humtaji mama yake. Unasema tu, "Yule ni mtu wa kukuacha mlangoni."

Basi. Hata posa inavunjika.

Shangazi yangu aliolewa na mwanamume aliyemshikia mlango kwa mguu mpaka kiatu kikachanika. Leo wana watoto watano na kile kiatu kipo kabatini.

Na kiongozi wa kushika milango, asiye na mpinzani, alikuwa Bibi. Aliwahi kumzuia Bwana Harusi dakika ishirini nzima kwa ajili ya maharusi waliosahau pete nyumbani. Alijilaza mlangoni, akajifunika kanga, akamwambia gadi, "Pita juu yangu."

Bibi husafiri kila siku mpaka stesheni kuu. Anakwenda kugombana na mdogo wake, anayekaa nyuma ya stesheni. Wanagombania kigoda cha mama yao tangu kabla mimi sijazaliwa. Akikosa siku moja anaumwa kichwa, na dawa hazimsaidii mpaka akagombane.

Mwaka juzi wakaja watu wa reli na mashine.

Wakatandaza njia ya pili pembeni ya ile ya zamani. Wakavuta nyaya juu. Wakainua jukwaa hadi likalingana na sakafu ya treni, hata mwenye kiti cha magurudumu anaingia anateleza kama sabuni. Wakaweka kioo cheusi chenye namba nyekundu, kinakuambia treni iko dakika ngapi.

Na treni yenyewe, we acha tu!

Nyeupe, kimya, haina moshi. Milango inafunguka yenyewe. Ndani kuna sauti ya dada mmoja mpole anayekutajia stesheni kama anakubembeleza ulale.

Na kila dakika sita, nyingine.

Siku ya kwanza ilipoingia, watu walipiga vigelegele. Mimi nilifagia sehemu moja mara nne ili nisiondoke pale jukwaani. Nilikuwa nacheka peke yangu kama mwehu.

Kisha kimbembe kikaanza.

Kengele ililia ti-ti-ti, milango ikaanza kujifunga. Mtu akapiga kelele, "Bado mama wa ndoo!" Fundi cherehani akaweka mguu. Mlango ukamgusa, ukaogopa, ukafunguka tena.

Watu wakashangilia. Kumbe hii treni ina heshima!

Wakaweka ndoo. Wakaweka mwavuli. Mmoja aliweka godoro, nami mpaka leo sijui alikuwa analipeka wapi saa moja asubuhi. Mama wa ndoo akaingia. Halafu ikabidi asubiriwe shemeji yake. Halafu jirani wa shemeji.

Dakika tisa.

Ilipoondoka, watu wamejaa mpaka mashavu yamebanwa kwenye vioo. Na kwa kuwa ya nyuma yake ilishafika na kusimama ikingoja njia, ikaingia hapo hapo. Tupu! Viti vinang'aa. Milango ikafunguka, jukwaani nipo mimi na ufagio.

Dereva akanipungia mkono. Na mimi nikampungia.

Ikaondoka hivyo hivyo, haina mtu.

Siku ya pili akaja kijana mmoja mrefu, mwembamba, kazi yake kupanga ratiba. Alivaa saa ya kuhesabia shingoni kama kengele ya mbuzi. Kila neno lake la pili lilikuwa sekunde, kwa hiyo mpaka jioni alishakuwa na jina. Sekunde.

"Mlango unatakiwa kukaa wazi sekunde thelathini," alimwambia mkuu wa stesheni. "Thelathini! Hapa kwenu mmenikalisha dakika tisa. Treni zote nyuma zimebanana kama shanga, kutoka hapa mpaka mwisho wa mji."

Mkuu akatafuna njiti. "Bwana mdogo, watu wetu wanapendana sana."

"Wapendane kwa sekunde thelathini."

Mkuu akachukua kipaza sauti. "Ndugu abiria, acheni kushika milango. Nyingine inakuja baada ya dakika sita!"

Kundi zima likacheka. Fundi cherehani akajibu kwa sauti, "Mkuu, dakika sita za ofisini au za nyumbani?"

Sekunde akachora mistari ya njano. Watu wakapanga ndoo zao juu ya mistari, wakasema afadhali sasa kuna mahali pa kuweka ndoo.

Akaleta bango kubwa la bati, USISHIKE MLANGO. Siku ya tatu asubuhi, bango lenyewe ndilo lililoshika mlango.

Siku ya nne Sekunde akaishiwa mbinu. Alikuwa amekaa kwenye benchi, saa imening'inia, akatuambia mimi na mkuu.

"Majaribio ni siku saba. Siku ya saba wakubwa wanakuja kupanda wenyewe, saa moja mpaka saa mbili. Ni treni kumi. Ikizidi sekunde thelathini hata moja, ratiba inaandikwa upya."

"Inaandikwaje?" mkuu akauliza.

"Treni hazitasimama hapa. Zitapita."

Nikatazama reli. Niliziona treni nyeupe zikipita kila dakika sita mbele ya pua zetu, na sisi tukizipungia mikono kama watoto.

Stesheni inayofuata ni mwendo wa saa nzima kwa miguu. Magoti ya Bibi hayafiki hata nusu yake. Asipofika kwa mdogo wake, ugomvi utakwisha, na ule ugomvi ndio unaomwamsha kitandani.

Na mimi nani angenilipa nifagie mahali ambapo treni haisimami?

Siku ile na iliyofuata nilifagia polepole, natazama. Nilitazama watu miguuni, nikatazama mikononi, nikatazama nyuso. Nikagundua kitu.

Treni ikiwa mlangoni, hakuna anayeitazama. Wote wanatazama mteremko. Wanatazama nani bado.

Halafu wakishaingia wote, wanaondoka wote.

Jioni ya siku ya tano nilikuwa kwenye kichumba changu cha mifagio, Sekunde ameingia kuomba maji. Bibi amekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa, ananisubiri twende nyumbani, anamenya karanga zake kama hayupo.

"Kaka," nikamwambia Sekunde, "naomba nikuambie kitu, lakini usinicheke."

"Sina nguvu za kucheka."

"Watu wa hapa hawajawahi kuiona treni ya pili."

Akanikodolea macho.

"Hakuna anayebaki jukwaani," nikasema. "Wanashikiliana mpaka wa mwisho anaingia. Ya pili inakuja, naiona mimi na ufagio wangu. Wewe unawaambia dakika sita, lakini hayupo aliyewahi kuachwa akazihesabu. Wataaminije kitu ambacho hawajakiona?"

Sekunde akaweka kikombe chini.

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo lazima mtu aachwe. Mbele za watu. Halafu afike."

"Nitamleta mtu kutoka ofisini."

"Mgeni akiachwa watasema hana watu. Inatakiwa awe mtu ambaye..." Hapo nikasita. "Mtu ambaye hakuna angethubutu kumwacha."

Kwenye kona aliyokaa Bibi, mlio wa maganda ukanyamaza. Kisha ukaendelea.

Nilipotoka nikamjaribu fundi cherehani, aliyekuwa ndiyo kwanza anashuka kutoka kazini. "Fundi, kesho ungebaki wewe nyuma, dakika sita tu..."

Alishika kifua kama nimemchoma sindano. "Niachwe? Mimi? Kwani nimemkosea nani, dada yangu?"

Nikajua hakuna atakayekubali. Usiku ule nililala fofofo kwa kukata tamaa.

Asubuhi ya siku ya sita Bibi aliniambia nitangulie, kiatu chake kina shida. Sikufikiria sana.

Lakini Bibi, nikuambie, hajawahi kuchelewa maishani mwake. Yeye hufika nusu saa kabla, ili apate muda wa kulalamika kwamba wengine wamechelewa.

Saa moja na dakika sita treni ikaingia. Watu wakaingia. Kichwa kimoja kikatoka nje. "Bibi yuko wapi?"

"Bibi bado!"

"Bibi hajaja! Shikilieni!"

Jamani. Vitu vilivyowekwa mlangoni pale vingefungua duka. Ndoo mbili, kikapu, sanduku la mtu, na juu yake mguu wa fundi, amevua hata kiatu ili usalimike.

Ndipo Bibi akatokea upande wa kibanda cha tiketi. Anatembea polepole kama anapima kitambaa. Mkongojo juu.

"Bundi! Bundi wangu, shikilia!"

Treni nzima ikajibu, "Njoo, Bibi! Tupo!"

Sekunde alikuwa pembeni yangu, saa mkononi, uso umeshakata tamaa.

Mimi nilimtazama Bibi. Nikatazama mlango. Nikatazama kile kioo cheusi, namba nyekundu ikisema nyingine ni dakika sita.

Sijui nguvu zilitoka wapi. Nilirusha ndoo ndani. Nikapiga kikapu teke, kikaingia. Sanduku nikalisukuma kwa goti. Mguu wa fundi nikaufagia.

Ndiyo, niliufagia. Kwa ufagio.

"We binti una wazimu!" fundi akapiga kelele.

Ti-ti-ti.

Mlango ukafunga. Bibi akafika. Mkongojo ukagonga kioo, kwa!

Ndani ilikuwa kama chupa ya samaki, midomo imefunguka, sauti hazitoki. Mama wa ndoo ameshika kichwa. Treni ikateleza, ikaenda zake.

"Sekunde ishirini na nane," kijana akanong'ona.

Nikageuka. Tumebaki watatu jukwaani.

"Bibi, shikamoo," nikasema, ingawa nilishamwamkia nyumbani.

"Usiniamkie!" Akagonga mkongojo chini. "Mimi? Mimi niliyekubeba mgongoni! Mimi niliyetafuna chakula nikakutilia mdomoni kama kifaranga! Leo umenifungia mlango kama mkusanya madeni!"

"Bibi, nyingine inakuja."

"Itakuja nikiwa kaburini!"

Namba ikasema tano.

"Ngoja nianze na wewe," Bibi akasema. "Nikimaliza na wewe nakuja kwa mama yako. Kisha ukoo wa baba yako, ule wenye vichwa vikubwa."

Nilisimama, nimeshika ufagio kwa mikono miwili kama askari aliyekamatwa. Alinitukana kwa mpangilio. Alianzia utotoni, nilipovunja chungu. Akapita shuleni. Akafika kwa yule mchumba niliyemkataa.

Nne. Tatu.

Moyoni nilikuwa naomba tu. Ee treni, njoo. Usinifanyie leo mambo ya Bwana Harusi.

Mbili.

Ikakaa mbili. Ikaendelea kukaa mbili. Sekunde akakitazama kioo, akaitazama saa yake, jasho likamtoka.

"Mbili gani hii haiishi?" Bibi akauliza. "Nimeshafika kwa baba yako!"

Moja.

Reli zikaanza kuimba. Ule mlio mwembamba, kama mtu anapuliza juu ya chupa. Nilitaka kumkumbatia mtu yeyote, hata Sekunde.

Treni ikaingia. Milango ikafunguka mbele ya Bibi, taratibu, kama imetumwa kumchukua yeye.

Bibi alikuwa ameinua kidole, mdomo wazi, katikati ya tusi.

"Nilikuwa sijamaliza," akasema.

"Ingia utamalizia ndani, Bibi."

"Haya matusi yalikuwa ya saa mbili! Nitayapeleka wapi?"

Tukaingia wote watatu. Behewa lilikuwa na watu wasiozidi kumi. Bibi akachagua kiti cha dirishani. Akakaa. Akanyoosha miguu. Akatazama viti vitupu kulia, akatazama kushoto.

"Miaka yote hii," akasema polepole, "hakuna kiti kilichowahi kunisubiri mimi."

Mpaka stesheni ya tatu alishasinzia.

Sasa sikia kilichokuwa stesheni kuu.

Hakuna hata mmoja aliyekwenda kazini. Mia mbili wote walikuwa jukwaani, wamejipanga kama wanapokea maiti. Mama wa ndoo analia. Fundi amevua kofia, bado ana mguu mmoja peku. Nilisikia baadaye walikuwa wameshakubaliana kwamba mimi ni mtu wa kukuacha mlangoni, mimi na kizazi changu, na mkutano ulikuwa umefika kwenye swali la nani arudi kumfuata Bibi kwa baiskeli.

Milango ikafunguka. Bibi akatoka.

Kanga haina hata kunyanzi. Amelala, ameamka, anapiga miayo.

"Mmefika lini?" akawauliza.

Fundi akajibu, "Sasa hivi tu, Bibi."

"Mmekaa?"

"Tumesimama. Tumebanwa."

"Mimi nimelala."

 Watu wanamtazama Bibi, wanatazama treni, wanatazamana. Nikaona nyuso mia mbili zinapiga hesabu kwa pamoja.

Mama wa ndoo ndiye aliyeanza. Alicheka huku machozi bado yanatoka. Kisha fundi. Kisha jukwaa zima likalipuka, makofi, vigelegele, watu wanapigana migongo. Mtu akasema, "Kwa hiyo ipo kweli?" Mwingine akajibu, "Tusubiri tuone kama kuna nyingine."

Wakasubiri! Dakika sita, ikaja. Wakaipigia makofi. Wakasubiri tena, ikaja tena. Walinzi wa stesheni kuu ndio waliowatawanya, wakidhani ni maandamano.

Siku ya saba.

Wakubwa wakaja, wanne, suti na karatasi. Watu wetu walikuwa wamejipanga kama wanakwenda kupokea zawadi. Treni ya kwanza, sekunde ishirini na sita. Ya pili, ishirini na tano. Akitokea mtu anakimbia kwenye mteremko, jukwaa zima linamwimbia, "Usikimbie! Dakika sita!" Naye anapunguza mwendo, anatembea kwa maringo.

Tisa zikapita safi.

Ya kumi, wakubwa wakapanda. Bibi akapanda nao, akasimama mlangoni na mkongojo wake. Mimi nilikuwa nje na ufagio.

Na Sekunde?

Sekunde alikuwa ameitwa na mkuu akaweke sahihi ofisini. Kengele ikalia. Nikasikia viatu. Nikamwona anakuja mbio, tai imerukia begani, saa inapiga kifuani.

"Ngojeni! Shikilieni! Jamani, shikilieni mlango!"

Akawahi kuingiza ncha ya kiatu.

Mlango ukasita. 

Bibi akakitazama kile kiatu. Akateremsha mkongojo, akakisukuma nje taratibu, kama mtu anayetoa mdudu bila kumuua.

"Mwanangu," akamwambia, "inakuja nyingine."

Mlango ukafunga. Behewa zima likapasuka kwa kicheko, wakubwa wanashikilia vyuma wasianguke.

Sekunde akabaki amesimama. Mkono wake wenyewe, kwa mazoea, ulishabonyeza saa. Akaitazama.

"Ishirini na tisa," akasema.

Kisha akakaa chini, pale pale juu ya mstari wa njano, akacheka mpaka nikamletea maji.

"Dada," akaniambia huku anapangusa macho, "dakika sita nimezichora mimi kwenye karatasi. Leo ndiyo kwanza nazikaa."

Tulipata stesheni yetu. Mchana huo karatasi ilibandikwa ukutani, treni zote zitasimama. Mkuu alitema njiti ya kiberiti na hakuchukua nyingine.

Mimi nikaendelea na kazi. Nyuma ya kibanda cha tiketi hufagiwa mara moja kwa wiki, na siku yake ilikuwa hiyo. Nikazunguka na ufagio wangu huku napiga mluzi.

Mluzi ukakatika.

Pale ukutani, penye upenyo wa kuchungulia jukwaa bila kuonekana, kulikuwa na rundo la maganda ya karanga.

Nikachuchumaa. Nikayapima. Viganja vitatu.

Jioni nilimkuta Bibi nyumbani, miguu ndani ya beseni la maji ya moto. Ametoka kugombana, ana furaha.

"Bibi, jana ulifika stesheni saa ngapi?"

"Nilichelewa. Si uliniona?"

Nikafungua kiganja, nikamwonyesha maganda.

Akayatazama. Mabega yakaanza kutikisika kabla kicheko hakijatoka.

"Wewe mke mwenzangu ni mfagiaji mbaya sana. Mwingine angefagia akanyamaza."

"Ulikuwa pale robo tatu ya saa. Ulijificha uchelewe makusudi!"

"Ulisema mtu ambaye hakuna angethubutu kumwacha. Hapa mtaani ni nani mwingine?"

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenifungia kwa mchezo. Huo uso wako haujui kuigiza. Watu wangeona, wangecheka, na kesho yake ndoo zingerudi mlangoni."

"Na kama nisingefunga?"

Akasogeza miguu kwenye maji. "Ningepanda. Ningekusamehe. Halafu ningeanza kufanya mazoezi ya kutembea."

Nikakaa chini karibu na beseni. Kulikuwa na kitu kimoja kinanisumbua.

"Yale matusi, Bibi. Nayo yalikuwa ya kupanga?"

 Alichukua ganda moja kutoka kiganjani mwangu, akaligeuza.

"Matusi yalikuwa ya kweli," akasema. "Nilipanga kuachwa, Bundi wangu. Kuumia sikukupanga."

Nikamwosha miguu. Sikuitoa mikono mpaka maji yakapoa.

Fundi alileta gauni wiki iliyofuata. Lina mfuko mkubwa mbele, anasema ni wa kutunzia ushahidi. Siku hizi Bibi huacha treni moja ipite makusudi, wakati mwingine mbili. Nikimuuliza, anasema anapanga vizuri maneno ya kumwambia mdogo wake, maana zamani alikuwa anafika yamevurugika.

Nilichojifunza ni hiki. Zamani kwetu, kumpenda mtu kulikuwa kumshikia mlango, na tulikuwa sahihi, kwa sababu nyuma ya treni ile hakukuwa na nyingine. Lakini treni zikishaanza kuja kila dakika sita, ukiendelea kushika unawazuia walioko nyuma, na huyo unayemshikia unamnyima kiti.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa huku unakimbilia kitu, punguza mwendo. Ukiachwa, kaa, menya karanga, anza kutukana.

Hutafika hata kwa ukoo wa baba.